Kiti Kilichopita Kitupu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Makamu Mkuu wa Chuo, wakuu wa vitivo na idara, walimu wetu, wawakilishi wa wafadhili mliosafiri kuja kuona kilichojengwa, Mama Mlezi wa bweni, ambaye amewahi kutufokea sote na leo anatutazama kwa upole wa kutisha, mafundi mliokaa mstari wa nyuma ingawa jengo ni la mikono yenu, wazazi, na ninyi wanafunzi wenzangu mnaosubiri nimalize ili mkachague vitanda: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake.

Katika orodha hiyo kuna mtu mmoja sijamtaja. Yuko pale pembeni, karibu na spika, kwenye kiti chake cha magurudumu. Amekaa pembeni kwa sababu viti vya leo vilipangwa bila kuacha nafasi, na waliovipanga ni kamati yangu. Nilipofika asubuhi na kuliona kosa nilitaka kuondoa kiti kimoja cha mbele, akaniambia, "Acha. Huku napata upepo." Bwenini tunamwita Shangazi, ingawa ana miaka ishirini na mitatu tu, maana hakuna mchumba wala mtihani wa mtu ambao hajautolea ushauri bila kuombwa. Leo nitamtaja sana. Ameniruhusu, kwa sharti moja ambalo nitalieleza kabla sijashuka hapa.

Ratiba mliyonayo mkononi inasema nitoe neno la shukrani kama Katibu wa Makazi wa wanafunzi, kisha nikabidhiwe cheti, kisha nitie saini fomu ya makabidhiano ya jengo. Nimeshika nafasi hii karibu miaka mitatu, na mwezi ujao nahitimu. Waliotangulia kuzungumza wamenisifu. Wamesema nilikuwa sauti ya wasiosikika, kwamba bila mimi bweni hili lisingejengwa. Nilisikiliza nikiwa nimeinamisha kichwa, na mliokaa karibu nami huenda mlidhani ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu. Kwa mbali ni vigumu kutofautisha, kwa sababu vyote viwili huinamisha shingo kwa namna moja.

Naomba niwarudishe nyuma, mwanzoni mwa mwaka wetu wa pili. Wakati huo chuo kizima hakikuwa na chumba hata kimoja cha mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu. Shangazi na mimi tuliingia chuoni siku moja, tukasoma darasa moja, lakini mwaka wa kwanza yeye aliishi kwa mjomba wake nje ya chuo na kufika kipindi cha kwanza akiwa amechelewa, kila siku, huku walimu wakimwambia ajitahidi. Ndipo ikaamuliwa chumba namba nne cha ghorofa ya chini, katika bweni la zamani, kirekebishwe pamoja na choo na bafu lake. Mlangoni likajengwa tuta la mteremko. Ukutani vikafungwa vyuma vya kushikia. Mimi nilikuwa nimechaguliwa wiki tatu tu kabla ya hapo, nina kalamu mpya na hamu ya kuitumia, nikawekwa kwenye kamati ya ukaguzi.

Tulikuwa watatu: Ofisa Makazi wa wakati ule, ambaye amekwisha kustaafu, fundi seremala mkuu wa chuo, ambaye yuko hapa, na mimi. Tulikwenda zahanati ya chuo tukaazima kiti cha magurudumu. Tulikisukuma kwenye tuta, kikapanda. Tulikiingiza chumbani, kikaingia. Kwenye mlango wa choo kikakwama kidogo, gurudumu la kushoto likasugua fremu. Fundi akakinyanyua nyuma kwa mkono mmoja, kama mtu anavyonyanyua baiskeli ya mtoto, akakipinda, kikaingia. Ofisa aliyekuwa nje kwenye korido akauliza, "Kimepita?" Tukajibu pamoja, "Kimepita." Nikaweka tiki. Nikaandika "imekaguliwa, inafaa", nikatia saini, na jina langu nikaliandika kwa herufi kubwa ili lisomeke.

Tukapiga picha. Wengi wenu mliiona kwenye jarida la chuo: mimi nimeshika vishikio vya kiti, natabasamu, na kiti ni kitupu.

Ndugu wageni waalikwa, kuna swali ambalo mtoto wa darasa la tatu angeliuliza, na sisi watatu wenye elimu na vyeo hatukuliuliza: kiti hiki mwenyewe yuko wapi? Kiti kitupu hakina uzito wa kumzuia fundi kukinyanyua. Hakina viwiko. Zaidi ya yote hakina mikono, na mtu anayejiendesha huweka mikono yake nje ya magurudumu, huku na huku, upana wa vidole vinne au vitano kila upande. Mlango ule ulikuwa na nafasi ya kiti. Haukuwa na nafasi ya mikono ya mtu. Tulikagua choo cha binadamu kwa kutumia samani.

Shangazi alihamia namba nne, na mimi nikaomba niwe mwenzake wa chumba. Nilijivunia jambo hilo, nisiwafiche. Nilipenda watu wanione nikitoka naye mlangoni. Siku ya tatu nilirudi kutoka maktaba mapema kuliko kawaida, nikakuta kiti chake kimesimama kitupu mbele ya mlango wa choo. Nikadhani ameanguka. Nikasukuma mlango, nikamwona sakafuni, kwenye maji yaliyobaki baada ya kuoga asubuhi, anajivuta kuelekea nje. Mikononi alikuwa amevaa kandambili. Si miguuni, mikononi, ili viganja visiguse ile sakafu. Alinitazama akasema, "Usiniangalie kama mzimu. Nipishe, nisije nikachelewa kipindi tena wakasema nijitahidi."

Ameniruhusu niliseme hili. Nilimuuliza mara mbili.

Nilimwambia nitalishughulikia, na siku hiyohiyo nilikwenda ofisini. Ofisa alinisikiliza vizuri, hakunifukuza. Akanieleza kwamba fomu imekwisha kwenda juu, kwamba kuirudisha ni kusema tulitia saini uongo, na kwamba baada ya mwezi mmoja wafadhili wanakuja kutazama chumba cha mfano kabla ya kuamua kama watajenga bweni jipya. Tukianza kubomoa mlango sasa, wataona vifusi. Tungoje wapite. Hakunilazimisha, nataka hilo lieleweke, maana si haki kumsukumia mzigo mtu ambaye hayupo kujibu. Alinishauri, nami nikaona ushauri wake una akili. Nilijiambia: mateso ya mmoja kwa mwezi mmoja, kwa ajili ya raha ya wengi kwa miaka mingi. Nilijiona nimekomaa. Nilirudi chumbani nikamwambia Shangazi avumilie kidogo, subira huvuta heri.

Akaniuliza, "Na hiyo heri inakuja kwa miguu au kwa kiti? Nijue niiwekee mlango gani wazi."

Nilicheka. Yeye pia alicheka. Kesho yake akabadilisha namna yake ya kunywa maji. Asubuhi anakunywa kikombe kimoja, nusu anamezea dawa za mgongo, basi. Mpaka jioni hagusi tena kitu cha majimaji. Darasani, kwenye joto la mchana, sisi tunapitishiana chupa, yeye anasema hana kiu. Nilikuwa nalala mita mbili kutoka kwake. Nilijua kwa nini hana kiu.

Wafadhili wakaja. Baadhi yenu mko hapa leo, na nawaomba mnisikilize kwa makini, maana deni langu kwenu ni la ukweli. Mliingia namba nne watu saba. Mlitazama vyuma vya kushikia, mkavigusa, mkavisifu. Mama mmoja kati yenu, naona leo amevaa miwani ileile, alimwinamia Shangazi akamuuliza kwa upole kama choo kinamfaa. Shangazi aligeuza shingo akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Alikuwa ananipa nafasi. Nimelitafakari jicho lile kwa zaidi ya miaka miwili na sina tafsiri nyingine: alikuwa ananiachia mimi niseme, kwa sababu saini ilikuwa yangu, na hakutaka kunivua nguo mbele ya wageni.

Nami nikasema, "Anaendelea vizuri sana, mama."

Mkaandika kwenye madaftari yenu. Bweni hili likapatikana. Hiyo ndiyo sauti ya wasiosikika iliyosifiwa hapa asubuhi hii: ilisikika mara moja tu, na ilisema uongo kwa niaba ya mtu aliyekuwa na kinywa chake mwenyewe.

Mnaweza kudhani kwamba wafadhili walipoondoka nilirudi ofisini kudai mlango. Hata mimi ningependa iwe hivyo. Nilirudi mara moja, nikaambiwa tungoje mkataba. Kisha tungoje bajeti. Kisha sikuuliza tena, kwa sababu jambo ukiliona kila siku linakuwa sehemu ya ukuta. Zile kandambili za mikononi zilikuwa na msumari wake nyuma ya mlango wetu, na kuna siku nilizifuta vumbi nikazitundika vizuri, nikajihesabia wema. Mwezi mmoja ukawa mihula mitatu.

Katikati ya mwaka wa tatu, kwenye mtihani wa pili wa muhula, Shangazi alizimia juu ya karatasi yake. Tulimpeleka hospitali ana homa inayomtetemesha. Figo. Daktari, kijana asiyetuzidi sana umri, alimuuliza anakunywa maji kiasi gani kwa siku. Shangazi akasema, "Mimi na maji hatujapatana tangu utotoni, daktari." Daktari akaandika: mgonjwa hapendi maji. Nilikuwa nimekaa pale, kwenye stuli, nimeshika mkoba wake. Ni nani alikuwa na wajibu wa kusema, kama si mimi? Nilitazama kucha zangu.

Mama yake alifika kesho yake. Ni mshonaji. Alinishika mikono yote miwili akauliza, "Wewe ndiye dada yake wa chuoni?" Nikaitikia. Akasema hana cha kunilipa kwa jinsi ninavyomtunza mwanawe, akapima mabega yangu kwa shibiri pale pale wodini, na baada ya wiki mbili akanitumia gauni. Limenikaa sawasawa, sijawahi kuona nguo iliyonikaa hivyo. Liko chini ya sanduku langu. Mama, najua uko hapa; nimekuona ukiingia ukiangalia nimevaa nini. Sasa umejua kwa nini sijalivaa.

Siku niliyotoka hospitali sikupita ofisini. Nilikwenda moja kwa moja karakana, nikamkuta fundi seremala anapiga randa. Nikamweleza yote: mikono, fremu, sakafu, kandambili. Alizima redio yake. Kisha akaniuliza, "Miezi yote hii mlikuwa mnapeleka barua wapi? Mimi niko hapa. Mngeniita." Nikasema nilidhani lazima jambo lipitie ofisini. Akasema naye alidhani mlango unapita, kwa sababu hakuna aliyekuja kumwambia haupiti. Alichukua nyundo, tindo na mfuko mmoja wa saruji. Aling'oa fremu, akavunja ukuta kiasi cha upana wa tofali, akageuza mlango ufungukie nje. Alimaliza kazi kwa siku mbili.

Siku mbili, Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Nimekaa na hesabu hiyo usoni kwangu mwaka mmoja na nusu. Shangazi alikosa mitihani, akarudia mwaka. Mwezi ujao mimi navaa joho, yeye atakaa kwenye viti vya wageni kunipigia makofi, na darasani ndiye aliyekuwa akinieleza takwimu nilipokuwa sielewi. Mwaka wake mzima nilioukata kwa tiki moja ungeokolewa na kazi ya siku mbili.

Sasa niseme juu ya jengo hili, maana ndilo lililotukusanya.

Jana, kabla ya kuletwa fomu ya makabidhiano, nilimwomba Shangazi alikague yeye. Aliniuliza kama safari hii nitaazima kiti cha zahanati au nina nia ya kumtumia mtu. Kisha akaagiza boksi la chaki. Alipaka chaki nyeupe kwenye vifundo vya vidole na kwenye viwiko, mpaka akaonekana kama aliyetoka kukanda unga, akasema, "Hakuna kunisukuma, hakuna kuninyanyua. Nikigusa, mlango wenyewe utasema." Akaanza. Fundi alimfuata nyuma mikono ameifunga mgongoni, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo, nami nikamfuata fundi.

Ghorofa ya chini ina milango kumi na mmoja ambayo mtu wa kiti anapaswa kuipita. Tisa aliipita bila kuacha alama. Kwenye mlango wa saba aliimba. Miwili iliandikwa chaki: mlango wa chumba cha kufulia, na wa bafu la upande wa bustani. Kwenye michoro milango yote ina upana mmoja, kwa hiyo tulishangaa, mpaka fundi alipoinama akatazama, akashika kichwa. Hiyo miwili iko karibu na njia mtakayopita leo, na juzi aliongezewa kazi ya kuzungushia fremu zake mbao za mapambo, ili ipendeze machoni pa wageni. Mapambo yamekula nafasi ya vidole. Alitaka kuzing'oa pale pale. Shangazi akamzuia. Akasema, "Ziache mpaka kesho, fundi. Na wageni waone."

Kwa hiyo mkipita na kukuta michirizi myeupe kwenye fremu mbili, msidhani ni uchafu, na tafadhali msiipanguse. Huo ndio ukaguzi wa kwanza wa kweli uliowahi kufanyika katika chuo hiki. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, fomu iliyoko mezani ina mstari mmoja unaosema "jengo lote". Nimeukata na kuandika "milango tisa". Mkuu wa Idara ya Makazi alipouona asubuhi alipauka kidogo, lakini kwa heshima kubwa aliniachia kalamu. Fundi ameahidi miwili iliyobaki keshokutwa, na Shangazi ameshaficha nusu ya boksi la chaki.

Kuhusu cheti. Nilimwambia Shangazi kwamba nitakikataa mbele yenu. Akanitazama kwa ile sura ya kishangazi akasema nikikikataa mtanipigia makofi mara mbili, mara moja kwa kazi na mara ya pili kwa uungwana, na yeye hana nia ya kukaa juani kutazama nikigeuza aibu kuwa sifa. Kwa hiyo nitakipokea. Nitakipokea kama mtu anavyopokea bahasha asiyotaka kuifungua mbele za watu, na naomba msipige makofi.

Na sharti lake ni hili. Usiku wa kuamkia jana nilikuwa nimeandika hotuba nyingine, ndefu kuliko hii, ambayo mwisho wake nilikuwa nigeuke upande wake na kusema neno moja ambalo nyote mnalijua. Alipoisoma alikata ukurasa wa mwisho. Akasema: "Usiniombe hilo mbele ya watu. Ukiniomba mbele ya watu nitalazimika kukupa, kwa ajili ya wageni. Umeshanijibia mara moja mbele ya wageni. Safari hii niache nijibu mwenyewe, siku nikitaka, au nisijibu."

Basi silisemi. Nimeeleza nilichofanya, na ninaishia hapo. Nilidhani ukishakiri mbele za watu unashuka jukwaani mwepesi. Nawaambia nyinyi mnaonifuata kwenye ofisi hii, kamati mpya, mlioketi pale mkiwa na kalamu mpya kama yangu, kwamba sivyo. Nashuka na uzito uleule niliopanda nao. Kilichobadilika ni kwamba sasa mnaufahamu, na atakayewaambia kiti kimepita, mtajua cha kumuuliza.

Namshukuru Mgeni Rasmi kwa kuja. Nawashukuru wafadhili, ambao mna haki ya kukasirika na bado mmekaa. Namshukuru fundi, na Mama Mlezi, na mama mshonaji ambaye nitamtafuta baada ya shughuli kama atakubali kuniona.

Jambo la mwisho, kisha niwaachie kipaza sauti. Hapa juu nimewekewa chupa ya maji kama msemaji yeyote, na sijaigusa. Nimekuwa nikitazama pale pembeni, karibu na spika. Tangu nianze kuzungumza, Shangazi amemaliza chupa yake yote. Jua ni kali, na choo kilicho karibu naye ni mlango wa saba, ule alioupita akiimba. Sasa hivi anafungua ya pili.

Kwa masikio mliyoniazima muda wote huu, na kwa makofi msiyoyapiga, asanteni.